Triathloni bila kugusa hela ya kiwanja

Kuna michezo ambayo ukiipenda inakudai raba tu na nia. Halafu kuna triathloni. Unaogelea, unatoka majini unarukia baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unaanza kukimbia, na saa haisimami mpaka ufike mwisho. Ni michezo mitatu kwenye pumzi moja, na kwa mtazamo wa wauzaji ni maduka matatu kwenye pochi moja.

Hebu fungua jarida lolote la Ulaya au Marekani linalouza vifaa vya mchezo huu. Baiskeli za daraja la juu zinafika dola 10,000 na kuzidi. Bado vazi la mpira la kuogelea, kofia iliyochongwa kama tone la maji, saa inayohesabu mpaka mapigo ya moyo, na raba zenye ubao wa kaboni ndani ya soli. Ukimaliza kujumlisha unajikuta umekaa chini bila kuambiwa.

Mwaka jana ugonjwa huu uliingia nyumbani kwetu. Mume wangu aliambukizwa na wenzake wa kazini, mimi nikaambukizwa na yeye. Tatizo ni kwamba tulikuwa na kiwanja tunachokilipia kidogo kidogo, bado awamu tatu, na mkataba unasema wazi kwamba tukichelewa miezi miwili kiwanja kinarudi kwa muuzaji. Wakati huo huo mwenzangu alikuwa ameshaonyeshwa baiskeli ya shilingi 4,800,000, na kichwani tayari alikuwa anaandika barua ya mkopo wa kazini.

“Mke wangu, mwili ni mtaji,” akaniambia.

“Sawa, Baba. Na kiwanja je?”

Akacheka, lakini jibu hakuwa nalo. Makala haya ni jibu tulilolitafuta wote wawili kwa miezi minne, tukizunguka mitumba, mafundi na fukwe za Dar es Salaam. Nimeyaandika kwa ajili yako wewe unayetamani mchezo wa watu wenye hela ilhali mshahara wako una wenyewe tayari.

Kaeni kitako kwanza

Kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, tulikaa mezani na karatasi. Tuliandika vitu visivyoguswa: awamu za kiwanja, ada ya shule, kodi ya nyumba, na kile tunachotuma kwa wazazi. Kilichobaki kwa miezi minne, baada ya kuacha kula nje mwisho wa wiki, kilikuwa shilingi 1,500,000. Hiyo ikawa dari yetu, kwa watu wawili, kila kitu ndani. Kupanga ni kuchagua, na sisi tulichagua mchezo badala ya kuku wa kuchoma wa Jumamosi.

Usidharau hatua hii. Rafiki yangu mmoja, ambaye sitamtaja, alikuta risiti ya saa ya michezo kwenye mfuko wa koti la mumewe wiki ile ile aliyoambiwa hakuna hela ya kutengeneza friji. Waligombana mwezi mzima. Saa yenyewe alikuwa tayari kuisamehe. Kilichomuuma ni kwamba kila alipouliza bei yake aliambiwa “ya kawaida tu, nimepewa na mtu.” Kifaa cha bei poa kilichofichwa kinaweza kuleta ugomvi kuliko cha bei mbaya kilichozungumzwa.

Vilevile kubalianeni mnataka mbio gani. Umbali mfupi unaotambulika ni kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20 na kukimbia kilomita 5. Ule wa Olimpiki, ulioanza kuchezwa Sydney mwaka 2000, ni mara mbili yake: mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10. Ironman ndiyo ile ya kumaliza watu: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha marathoni nzima ya kilomita 42.2. Sisi tulichagua ule mfupi. Kwa umbali huo, baiskeli ya milioni tano haikupi kitu ambacho mazoezi ya miezi minne hayakupi.

Kama unadhani natania, kumbuka Ironman ya kwanza kule Hawaii, Februari 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12, na mshindi Gordon Haller alitumia saa 11 dakika 46 na sekunde 58. Vifaa vingi vinavyotutoa macho leo vilikuwa havijabuniwa bado. Waliendesha baiskeli za kawaida za wakati ule, na wakafika.

Bahari yetu inakupa punguzo

Habari njema ya kwanza ni ya bure. Vazi la mpira la kuogelea, ambalo kwa wenzetu wa Ulaya ni moja ya gharama kubwa, sisi hatulihitaji kabisa. Kazi yake ni kuzuia baridi, na faida nyingine ni kumsaidia mtu kuelea. Sheria za mashindano zinawakataza wachezaji wa kawaida kulivaa kwenye umbali mpaka mita 1,500 maji yakizidi nyuzi joto 22. Bahari ya Hindi hapa kwetu mara chache inashuka chini ya nyuzi 24. Kwa hiyo akikuletea mtu vazi hilo na kukwambia bila hilo hutaweza, mshukuru, kisha endelea na safari yako.

Unachohitaji majini ni nguo ya kuogelea inayokubana vizuri, kofia ya rangi kali ili uonekane, na miwani ya kuogelea. Miwani usinunue bila kuijaribu. Ibandike machoni bila kuvuta mkanda. Ikishika yenyewe kwa sekunde mbili tatu, inakufaa. Ikianguka, hata iwe ya jina gani, itakuingizia maji ya chumvi.

Kitu cha nne ni boya dogo la rangi linalofungwa kiunoni na kukufuata nyuma. Sisi tulinunua moja, kwa sababu sheria yetu ni kwamba hatuogelei mbali na ufukwe kwa pamoja; mmoja yuko majini, mwingine anaangalia. Boya linawaonyesha wenye boti kwamba pale kuna kichwa cha mtu, na ukichoka unalishikilia.

Ujuzi wa bahari nao ni kifaa, na unapatikana kwa salamu tu. Waulize wavuvi wa eneo lako maji yanajaa saa ngapi na mkondo unavuta upande gani. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa na kupwa kwa nguvu na mikondo inakuwa mikali. Anayeanza achague siku za maji mafu, na aingie maji yakiwa yamejaa na kutulia. Kama hujui kuogelea, hela ya kwanza kabisa iende kwa mwalimu wa bwawani, kabla hujawaza baiskeli.

Baiskeli: hapa ndipo penye kazi

Baiskeli ndiyo inayomeza bajeti, na ndipo wengi tunapopigwa. Makontena ya mitumba kutoka Ulaya na Japani yanashusha baiskeli za resi kila mara, zikiwa zimechanganyika na za watoto na za kwenda sokoni. Muuzaji anaweza asijue tofauti. Wewe lazima uijue.

Tulitafuta fremu za chuma au za aluminiamu, za kaboni tukaziacha. Kaboni ni nyepesi na tamu, lakini ikishapigwa inaweza kupasuka ndani huku rangi ya nje ikiwa inang’aa, na bila vipimo vya kitaalamu hutajua mpaka siku itakapokukatikia kwenye mteremko. Chuma na aluminiamu mara nyingi vina uungwana kidogo: vinaonyesha kovu.

Na kovu tuliliona. Baiskeli ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa nyekundu, bei shilingi 300,000, na mwenzangu alishaanza kutoa hela mfukoni. Tulikuwa tumeenda na fundi wa mtaani kwetu, mzee ambaye maisha yake yote ametengeneza Phoenix za wauza maziwa na wauza mkaa. Akaigeuza juu chini, akapitisha kidole karibu na shingo ya fremu, akanyamaza.

“Dada, hii imechomelewa. Wamepaka rangi juu.”

Muuzaji akaapa kwa majina yote ya Mungu. Tukaondoka. Yule fundi tulimlipa shilingi 20,000 kwa asubuhi ile, na mpaka leo naiona ndiyo hela tuliyoitumia vizuri kuliko zote. Haya ndiyo aliyotufundisha kuangalia, pamoja na tuliyojifunza baadaye:

• Fremu: angalia maungio yote, hasa shingoni na chini kwenye mhimili wa pedali. Rangi iliyojikunja au iliyo tofauti na sehemu nyingine ni dalili ya ajali au ya kuchomelewa.

• Rimu: inua gurudumu, lizungushe, tazama nafasi kati yake na mpira wa breki. Likiyumba kidogo fundi atakaza spoku. Likiyumba sana ni rimu mpya.

• Cheni: chukua rula, pima pingili 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Mpya ni kama sentimita 30.5. Ikifika 30.6 ibadilishe, ikifika 30.8, mara nyingi na meno ya gia nayo yameshaliwa, na hiyo ni gharama nyingine ya kumkatia muuzaji bei.

• Shingo na pedali: shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia inacheza, beringi za shingo zimelegea au zimekwisha. Fanya hivyo hivyo na mikono ya pedali, itikise kushoto na kulia.

• Saizi: simama juu ya fremu, miguu chini. Bomba la juu lisikuguse. Baiskeli nzuri ya saizi ya mtu mwingine itakuumiza magoti na mgongo, na punguzo la bei halitakutibu.

• Uhalali: omba risiti na uandike namba ya fremu, ambayo mara nyingi imepigwa chini kwenye mhimili wa pedali. Muuzaji akikwepa risiti, na wewe kwepa baiskeli.

Ya mwenzangu tuliipata kwa 420,000, ya kwangu kwa 350,000. Zote za aluminiamu, zote kuukuu. Kisha tukazipeleka kwa mzee wetu: cheni mpya, matairi mapya, nyaya na mipira ya breki, jumla 210,000.

Kazi ya mwisho tuliifanya nyumbani kwa tepu ya fundi cherehani. Pima urefu wa mguu wako kwa ndani, kutoka kwenye msamba hadi sakafuni ukiwa peku, kisha zidisha kwa 0.883. Jibu ndilo kadirio la umbali kutoka katikati ya mhimili wa pedali mpaka juu ya siti. Mguu wa sentimita 80 unakupa karibu sentimita 70.6. Anzia hapo, halafu sikiliza magoti yako. Wenye uwezo hulipia kipimo cha kitaalamu. Sisi tulipimana sebuleni, watoto wakitucheka.

Na kwa wale wanaoona aibu kuanza na kuukuu, muangalieni David Kinjah wa Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Kwa miaka mingi amewakusanya vijana kwenye kundi lake la Safari Simbaz, akiwafundisha kuendesha na kuzitengeneza baiskeli wenyewe kwa vifaa vinavyopatikana. Mmoja wa waliopitia mikononi mwake ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza Afrika. Mchezo huu hauko mbali na sisi kama wengi wanavyodhani.

Usibanie hapa

Kuna mahali ambapo bei rahisi ni hatari. Kofia ngumu tulinunua mpya, kila mmoja ya kwake, shilingi 75,000. Kofia ya mtumba inaweza kuwa imeshaanguka na mwenye nayo wa zamani. Lile povu gumu la ndani limetengenezwa lipondeke mara moja ili kichwa kipone, na likishafanya kazi yake limekwisha, hata kama kwa nje linapendeza. Tafuta lebo ya EN 1078 au CPSC ndani yake. Kofia ya bei ya chini yenye lebo halali imepita majaribio yale yale ya lazima kama ya bei ya kutisha. Tofauti kubwa huwa kwenye uzito, hewa na jina.

Breki ni hivyo hivyo. Taa ya mbele na ya nyuma pia, kwa sababu mazoezi yetu ni alfajiri, wakati madereva wa daladala wanawahi abiria na bodaboda wanawahi kila mtu. Taa, pampu, tyubu za akiba na viraka vilitugharimu 95,000.

Raba za mnadani

Kwa raba hatukuhangaika. Ukienda Karume, Ilala, utakuta raba za kukimbilia za majina makubwa, na wenye Nairobi wana Gikomba yao. Siri ni kuacha kutazama jina na kutazama soli. Ikunje raba: ikijikunja katikati kama chapati, achana nayo. Bonyeza sponji la pembeni kwa kidole gumba. Likiwa gumu na lenye mikunjo mingi, limekufa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, inakukabidhi mwendo wa mtu mwingine. Raba ya kukimbilia kwa kawaida inadumu kati ya kilomita 500 na 800, hivyo unanunua kilomita zilizobaki. Zetu zilikuwa 65,000 na 55,000, na za kwangu nyayo zake zilikuwa hazijaanza hata kuisha.

Vinavyoweza kusubiri

Saa ya gharama inaweza kusubiri. Simu uliyonayo inapima umbali. Viatu vya kunasa kwenye pedali vinaweza kusubiri. Raba unayokimbilia inatosha, na inakuokolea muda wa kubadilisha. Baiskeli iliyochongwa kukata upepo nayo isubiri. Ukifika mwendo wa kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, nguvu zako nyingi zinapambana na upepo, na sehemu kubwa ya upepo huo inagonga mwili wako kuliko baiskeli. Kuinama vizuri ni bure. Na zile jeli za kunyonya njiani? Ndizi mbivu moja ya wastani ina wanga wa karibu gramu 27, na mchezo wetu mfupi unaisha kabla hujamaliza kuimenya.

Mahesabu yetu

Baiskeli mbili, 770,000. Matengenezo, 210,000. Kofia ngumu mbili, 150,000. Raba, 120,000. Miwani ya kuogelea miwili, 50,000. Boya, 40,000. Taa na vya kuzibia pancha, 95,000. Jumla, shilingi 1,435,000. Ukitoa na ile 20,000 ya fundi, kwenye bahasha zilibaki 45,000. Nguo za kuogelea na kofia zake tulikuwa nazo. Bei za kwako zitapishana na zetu kulingana na mji na bahati ya siku, ila mpangilio ni ule ule: usalama mpya, mengine mtumba, mbwembwe baadaye.

Tulifanya umbali wetu mfupi Jumamosi moja na kikundi cha marafiki, bila medali wala kamera. Mwenzangu alinitangulia kwa dakika kumi na mbili, na kati ya waliokuwa nyuma yake alikuwepo mwenye ile baiskeli ya 4,800,000. Siku tatu baadaye tulilipa awamu ya kiwanja kwa tarehe.

Lakini nitakwambia nilichofaidi zaidi. Kwa miezi minne tulikuwa tunazungumza hela kila Jumapili jioni bila kununiana. Zamani neno “bajeti” nyumbani kwetu lilimaanisha mmoja anatetea na mwingine anashitaki. Kwenye mitumba tulikuwa upande mmoja, mmoja anakagua fremu, mwingine anapunguza bei. Juzi amenijia na wazo la umbali wa Olimpiki, na kabla sijauliza akanikabidhi karatasi: kiwanja juu kabisa, mchezo chini, na nafasi tupu katikati ya mimi kujaza ya kwangu.

Kwa hiyo wewe na mwenzio, kabla hamjaingia dukani, anzeni na karatasi hiyo. Halafu mtafuteni fundi mzee wa mtaani kwenu na mwende naye. Kila la heri.